Musamaria Hakutoka Mbali

Maneno machache juu ya ginsi tunavyohubiri mufano wa Luka katika Likasi



Katika mwaka C, Dominika ya 15, Eklezia inatusomea mufano wa Musamaria mwema. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 13 Julai 2025. Siku ile na siku zilizoizunguka tulikusanya mahubiri tuliyoweza kusikia ao kusoma: ya mapadri wawili watatu, ya wakatekista wanaoongoza sala mahali pasipo na padri, na mazoezi ya waseminari. Hatutataja jina la mutu wala la parokia, maana kosa tunalotaka kulionyesha ni letu sote. Sisi wenyewe tumehubiri vile vile zaidi ya mara moja, na watu wakatusifu.

Mahubiri yale yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Kwanza mwenye kuhubiri anaeleza ya kwamba Musamaria alikuwa mugeni, mutu wa inchi ya mbali. Kisha analeta mufano wa leo: Muzungu aliyesimamisha motokari yake njiani, Muchina aliyelipa dawa ya mutoto asiye wake, Muislamu aliyemupeleka mukristu hospitalini. Mwisho anasema: basi, tupende watu wote, tuvumiliane. Sadaka ya Caritas inapita, waimbaji wanaimba, watu wanarudi nyumbani na furaha. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Hiyo ndiyo ishara iliyotufanya tushike kalamu, maana hatuamini ya kwamba yule mwalimu wa Sheria aliyemuuliza Yezu swali alirudi nyumbani na furaha ya namna ile.

Hatusemi kwamba mahubiri yale ni uongo. Katika Katanga ya leo wageni wa mbali wako wengi, nao wanazarauliwa mara nyingi, ao wanatuzarau. Si vibaya kulisema kanisani. Lakini kumupenda mutu wa mbali ni kazi nyepesi kwa yule ambaye hajagombana naye hata siku moja juu ya lupango, juu ya kazi, juu ya binti aliyeolewa. Na Musamaria wa Injili hakutoka mbali.

Tuangalie ramani iliyo mwishoni mwa Biblia zetu. Samaria iko katikati ya Galilea na Yudea. Mutu wa Nazareti anayekwenda Yeruzalemu kwa njia iliyonyoka anapita mule. Wasamaria walishika vitabu vitano vya Musa, walitahiri watoto wao, walimuita Yakobo baba yao, na kisima chake ndicho walichotekea maji. Ugomvi wao na Wayuda ulikuwa ugomvi wa ndugu na wa majirani. Zaidi ya miaka 100 mbele ya kuzaliwa kwa Bwana, Yoane Hirkano, kuhani mukubwa na mutawala wa Wayuda, aliharibu hekalu la Wasamaria katika mulima wa Garizimu. Na Yosefu Flavio anaandika ya kwamba, wakati Yezu alipokuwa angali kijana, Wasamaria wamoja waliingia usiku katika hekalu la Yeruzalemu siku za Pasaka, wakatupa mule mifupa ya watu. Kila upande ulikuwa na orodha ya mabaya ya mwenzake, na kila upande ulikuwa na ukweli katika orodha yake.

Luka mwenyewe anatutayarisha. Sura moja tu mbele ya mufano, katika sura ya 9, kijiji cha Wasamaria kinamufungia Yezu mulango kwa sababu anakwenda Yeruzalemu. Yakobo na Yoane wanakasirika, wanataka moto ushuke kutoka mbinguni uwaunguze. Yezu anawakaripia, wanakwenda kijiji kingine. Katika mahubiri yote tuliyoyakusanya hakuna hata moja lililotaja habari hii. Ni hasara kubwa. Mitume waliosikia mufano walikuwa na mulango ule uliofungwa katika kumbukumbu lao. Walijua ya kwamba watu wa kabila hili waliwakosea kweli, si katika hadisi za mababu, bali siku chache zilizopita. Na Bwana anachagua mutu wa kabila lile lile kuwa mwalimu wao. Papa Fransisko, katika barua yake Fratelli tutti ya mwaka 2020, alikumbusha zarau ya Wayuda juu ya Wasamaria, akataja hata maneno makali ya Yoshua bin Sira. Barua ile iko katika maktaba zetu. Inaonekana tunaisifu kuliko tunavyoisoma.

Sasa turudi Likasi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, na njia ya treni ya BCK, iliyofika Port-Francqui mwaka 1928, ilirahisisha safari. Kampani ilitaka mwanaume akae kambini na muke wake na watoto, asirudi kwao. Walikaa. Katika Panda na Shituru watoto wao walizaliwa, walibatizwa katika chombo kimoja na watoto wa Wasanga, wa Walamba na wa Waluba wa Katanga, walijifunza katekismu katika Kiswahili hiki tunachoandika. Wengi hawakuona Kasai hata siku moja. Kama neno jirani lina maana, hawa walikuwa majirani: ukuta mumoja, bomba moja la maji, benchi moja kanisani.

Lakini orodha pia iliandikwa. Wakatanga walisema ya kwamba wakubwa wa kazi waliwapenda Wakasai na kuwapa nafasi nzuri. Desemba 1957, wakati wa uchaguzi wa kwanza wa miji, uliofanyika Léopoldville, Élisabethville na hapa Jadotville (jina lililoondolewa mwaka 1966), wakubwa wa mitaa waliochaguliwa katika Élisabethville walikuwa wengi wao watu wasiotoka Katanga. Oktoba 1958 CONAKAT ikazaliwa. Wakasai nao walikuwa na maneno yao juu ya wenyeji, na maneno mengine hayakuwa ya heshima. Mwenye kuhubiri asiyetaka kujua mambo haya hawezi kueleza Luka 9.

Tarehe 15 Agosti 1992, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Mukutano Mukubwa wa Taifa katika Kinshasa ulimuchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa Waziri wa Kwanza, mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mutu wa Katanga. Kwa muda mrefu chama cha UFERI na gavana wa Shaba, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, walikuwa wakisema hazarani ya kwamba Wakasai ndio sababu ya umasikini wa Wakatanga. Sasa vijana wa JUFERI walishuka katika mitaa ya Likasi. Nyumba ziliunguzwa, watu waliuawa, makumi ya maelfu walikimbilia masomo na gare. Pale gare walikaa majuma na miezi, katika jua na katika mvua, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu ao Kananga. Watoto walikufa pale, na wengine walikufa njiani. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Inchi iliyowapokea ilikuwa imekwisha kupokea waliofukuzwa wengine: Waluba waliotoka Luluabourg na upande wa Walulua kutokana na vita iliyoanza Oktoba 1959.

Wakati ule Wakasai waliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Tunaomba mwenye kuhubiri akae kidogo juu ya neno hili, kwa maana mufano wenyewe unakaa hapo. Yezu anauliza: kati ya hawa watatu, nani alikuwa jirani? Mwalimu wa Sheria hawezi kutamka «Musamaria». Anazunguka, anajibu kwamba ni yule aliyefanya huruma. Jina linamukwama kooni. Katika Likasi jina la kabila halikukwama. Lilibadilishwa, likawekwa lingine ambalo mutu anaweza kulikanyaga kwa kiatu bila zamiri kusema kitu. Ginsi tunavyoita watu katika mazungumzo ya mezani, hata katika meza zetu za seminari, ni jambo la teolojia ya maadili. Watoto wa katekismu wanatusikia.

Basi mufano, ukisomwa pale gare ya Likasi, unageuka. Tumezoea kusema ya kwamba mutu wa mbali alikaribia akawa jirani. Hapa mutu wa karibu alisogezwa mbali mpaka akawa mugeni, kisha mududu, kisha musafiri wa lazima. Mahubiri ya «mugeni wa mbali» hayawezi kuugusa msiba huu. Zaidi ya hayo, yanausaidia: yakisema Musamaria ni mugeni tunayepaswa kumupokea kwa wema, yanakubali ya kwamba jirani wa miaka 60 ni mugeni, na kwamba kukaa kwake ni zawadi yetu.

Hapo ndipo lilipo neno la pili tunalolichambua, uvumilivu. «Tuvumiliane» ni neno linalopendwa na wakubwa wa serikali, nasi tumelichukua tukaliingiza katika sala za waamini. Mutu anavumilia njaa, homa, mwezi bila mushahara. Hakuna anayetaka kuwa homa ya mwenzake. Hatulizarau neno hili. Kama mwaka 1992 kungalikuwa na uvumilivu tu, bila mapendo yoyote, watu wangalilala katika nyumba zao, na hilo lingalikuwa jambo kubwa. Lakini mwenye kuvumilia anahesabu, na siku moja hesabu inajaa. Musamaria hakumuvumilia yule aliyepigwa. Alimugusa, alitumia mafuta yake na divai yake, alitembea kwa miguu ili mwingine apande punda, alitoa dinari 2, akaacha deni wazi kwa mwenye nyumba ya wageni. Tena alisema atarudi. Mwenye kusema «nitarudi» amejifunga.

Wakatekista wengi wanafundisha watoto amri ya kumupenda jirani kutoka kitabu cha Walawi, sura ya 19, shairi la 18. Ni vizuri, lakini pale inasemwa juu ya watu wa taifa moja. Waendelee mpaka shairi la 34, ambapo Mungu anaweka mapendo yale yale kwa mugeni anayekaa katika inchi, akitoa sababu: Waisraeli nao walikuwa wageni katika Misri. Tumeuliza darasa moja la waseminari. Wa 18 walikuwa wengi wanaolijua, wa 34 walikuwa 2. Na Vatikano ya pili, katika Gaudium et spes namba 27, inapoorodhesha watu ambao tunapaswa kujifanya majirani zao, inataja mufanyakazi aliyetoka inchi nyingine anayezarauliwa bila haki, na inataja mukimbizi. Hapa Likasi sentensi ile haihitaji maelezo.

Tusisahau waliofanya vizuri. Wako Wakatanga waliowaficha Wakasai ndani ya nyumba zao, na kufanya vile kulikuwa na hatari. Wazee wanawajua. Mbona katika mahubiri tunaleta Muzungu na Muchina, na hawa tunawaacha? Pengine kwa sababu ukimutaja aliyeficha, kila mutu katika benchi anajiuliza alikuwa wapi siku ile. Mwaka 2022 Monsinyori Fulgence Muteba, Askofu Mukubwa wa Lubumbashi, aliwaita Wakatanga wapatane wao kwa wao, kaskazini na kusini. Ilikuwa kazi ya lazima. Parokia inaweza kuanza na benchi zake.

Katekista mumoja alituletea habari ifuatayo, nasi tunaiandika kwa ruhusa yake. Kisha mahubiri ya mwezi wa Julai, muzee mumoja alimungojea mulangoni. Mwaka 1992 jirani yake, akiwa karibu kupanda treni, alimuuzia lupango na nyumba yenye manjanja mapya kwa bei ya mifuko michache ya unga. Muzee alilipa, karatasi iko. Leo mutoto wa yule aliyeuza amerudi Likasi, anapanga chumba avenyu tatu kutoka pale, na Dominika wanapeana mukono wa amani. Muzee aliuliza: mimi sikuunguza, sikupiga, nilinunua. Nilifanya zambi?

Katekista alinyamaza, akaja kwetu. Tulifungua vitabu. Kanuni 125 inasema ya kwamba tendo lililofanywa kwa woga mukubwa, uliotiwa bila haki, lina nguvu, lakini hakimu anaweza kulivunja. Katekismu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inasema ya kwamba hata mwenye kufaidika na mali iliyoibwa, akijua, anapaswa kurudisha kadiri ya sehemu yake. Muzee hakutia woga ule, lakini aliujua, na bei ilitoka ndani yake. Tulimwambia katekista amulete kwa padri, na mbele ya hayo muzee ajiulize nyumba ile ingaliuzwa bei gani mwezi wa Julai 1992, mwezi mumoja mbele ya moto. Muzee alisema ya kwamba anaikumbuka bei ile vizuri, na kwamba atafikiri. Mutoto wa yule aliyeuza, kadiri tunavyojua, hajaulizwa kitu mpaka leo.