Osha Kwanza, Geji Baadaye

Mpigie simu fundi wa AC jijini Dar es Salaam mwezi Januari, joto la kaskazi likiwa limekaza, umwambie chumba hakipoi. Mara nyingi swali lake la kwanza litakuwa, "Bosi, mara ya mwisho mlijaza gesi lini?" Swali hilo limeulizwa sana mpaka wenye nyumba nao wamelikariri: gesi hujazwa kila mwaka, kama bima ya gari, na hiyo ndiyo servisi. Mtungi unaletwa, geji inafungwa kwenye mashine ya nje, mshale unapanda, pesa inatoka. Chumba kinapoa. Miezi michache baadaye simu inapigwa tena.

Gesi ya kiyoyozi hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyozibwa pande zote. Kompresa huibana mpaka ikawa ya moto. Koili ya nje hulitupa joto hilo hewani na gesi ikageuka kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye kijia chembamba, presha ikashuka ghafla, na ikifika koili ya ndani huchemka upya huku ikifyonza joto la chumba. Kutoka hapo hurudi kwenye kompresa. Kiasi chake kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko kilichopo ubavuni mwa mashine ya nje, na ndicho kinachopaswa kubaki humo mpaka siku mashine itakapotupwa. Ikipungua, kuna mahali inapotokea. Fundi anayeongeza kila mwaka bila kupatafuta mahali hapo anakuuzia gesi ya kupeleka angani.

Kwa hiyo ukiuliza kiyoyozi cha nyumbani kifanyiwe servisi mara ngapi, gesi itoe kwanza kwenye hesabu, maana haina ratiba. Vingine vina ratiba, na kila kimoja kina yake. Tufuate kazi moja iliyofanywa sawasawa Kigamboni, kwenye nyumba iliyo jirani na bahari. Mashine ilikuwa ya BTU 12,000, isiyo ya inveta, inayotumia gesi ya R-410A, na huwashwa kila usiku chumbani. Malalamiko yalikuwa mawili: haipozi kama zamani, na asubuhi maji yanachuruzika ukutani.

Fundi aliiwasha, akaiacha ifanye kazi kidogo, kisha akakinga kiganja kwenye mdomo wa hewa. Hewa ilikuwa baridi kweli, lakini haikuwa na nguvu. Ukirudi nyuma hatua mbili huisikii. Hapo alishajua nusu ya jibu. Gesi ikipungua, feni hupuliza kwa nguvu zake zote ila hewa inayotoka ni ya uvuguvugu. Njia ya hewa ikiziba, hewa hutoka baridi, pengine baridi kupita kawaida, lakini haifiki kitandani. Hicho ni kipimo ambacho hata mwenye nyumba anaweza kukifanya kabla hajampigia mtu simu.

Geji hakuifunga wakati huo, na hilo ndilo ninalolisifu kuliko yote aliyoyafanya siku ile. Angeifunga, ingemdanganya. Mashine ya R-410A ikiwa nzima, presha ya upande wa kurudi huwa karibu na psi 120 au 130. Lakini koili ya ndani ikikosa hewa ya chumba ya kuipasha joto, gesi iliyomo haichemki inavyotakiwa, na presha hushuka. Ikienda chini ya 100 hivi, koili huwa imepita nyuzi sifuri na barafu huanza kuganda. Mshale uliolala chini kwa sababu ya uchafu haujitofautishi hata kidogo na mshale uliolala chini kwa sababu ya gesi pungufu. Mwenye haraka anafungua mtungi, anajaza mpaka mshale umridhishe, anaaga. Siku mashine itakapooshwa, presha itapanda kupita kiasi na kompresa itavuta umeme zaidi. Kimiminika nacho kinaweza kurudi mpaka kwenye kompresa, kifaa kilichoundwa kubana gesi tu. Kompresa nyingi zinazosemwa zimekufa kwa "umeme mbovu" zilianza kuuawa namna hii, ingawa umeme wetu nao hauna haja ya kutetewa.

Akazima swichi kuu, akafungua mfuniko, akatoa machujio. Yalikuwa yamefunikwa na vumbi la kijivu lililochanganyika na nyuzi za shuka na chandarua. Hayo yalikuwa rahisi: bafuni, maji, brashi laini, kuanika kivulini. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na kazi. Alifunika sehemu ya umeme kwa nailoni, akaning'iniza mfuko wa kukinga maji chini ya mashine, akaanza kupiga maji kwa pampu ndogo, akifuata mapezi ya alumini yalivyolala, juu kwenda chini. Kisha akaigeukia feni, ile ndefu ya duara iliyojificha ndani, ambayo mwenye nyumba haioni hata akifungua mfuniko. Visahani vyake vimepinda kidogo ili vichote hewa. Uchafu ulikuwa umejaa kwenye ule mpindo, na feni iliyojaa hivyo huzunguka kwa kasi yake ileile bila kuchota kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuosha chujio kwa uaminifu na bado hewa ikawa hafifu. Maji yaliyoingia kwenye ndoo yalikuwa meusi, na harufu ya ukungu ikatanda chumbani mpaka madirisha yakafunguliwa.

Weusi huo ni wa Pwani. Usiku wenye unyevu mwingi, mashine ya ukubwa huu inaweza kukamua hewani zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Koili inalala imelowa, vumbi linalopenya chujio linaganda juu yake, na kuvu inapata makao. Kukamua unyevu si kazi ya pembeni ya kiyoyozi: mtambo wa Willis Carrier wa mwaka 1902, uliofungwa kwenye kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, ulitakiwa kwa sababu unyevu ulikuwa unaharibu karatasi. Kustarehesha watu kulifuata baadaye.

Maji hayo yote hupita kwenye trei na bomba jembamba la plastiki. Lile la Kigamboni lilizibwa na ute. Fundi alilivuta kwa nje, ute ukatoka, akamimina maji kwenye trei kuhakikisha yanakimbia. Ukuta ukapona bila kipuri kununuliwa.

Mashine ya nje ilikuwa na tatizo lingine, chumvi. Mapezi ni ya alumini na mabomba ni ya shaba. Metali hizo mbili zikigusana na kulowa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na huacha unga mweupe unaopukutika ukiugusa. Aliiosha kwa maji baridi ya kawaida, polepole. Mashine ya presha ya kuoshea magari inayalaza mapezi na kuziba njia ya hewa, kwa hiyo mteja akiiona inashushwa kwenye pikipiki ana haki ya kuuliza inakwenda kuosha nini.

Baada ya hapo ndipo geji ilipofungwa. Presha ilisoma vizuri, bila tone la gesi kuongezwa. Umeme unaovutwa na kompresa ulipimwa na kulinganishwa na kibandiko. Nati za mabomba zikakaguliwa kama zina mafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa huzunguka pamoja na gesi, na panapovuja gesi hubaki doa. Kisha povu la sabuni. Hakuna lililochemka.

Sasa ratiba. Chujio ni la wiki mbili kwa mashine inayowashwa kila usiku. Watengenezaji wengi huandika hivyo kwenye vitabu ambavyo hubaki ndani ya boksi. Hiyo si kazi ya kumlipa fundi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kubadili chujio lililoziba kwa safi hupunguza matumizi ya umeme ya kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Ukitaka kulihisi kwenye Luku, piga hesabu hii: mashine ya BTU 12,000 isiyo ya inveta huvuta karibu kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Chumba kikipoa kompresa hupumzika. Ikifanya kazi nusu ya usiku wa saa nane, umetumia uniti nne hivi. Ikishindwa kukipoza chumba, haipumziki, na zinakuwa nane. Kwa mwezi, tofauti ni uniti 120.

Kuosha koili na feni ya ndani, kwa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, mimi ningesema mara mbili kwa mwaka kwa chumba cha kulala. Chumba cha wageni kinachowashwa Krismasi na Idi kinatosheka na mara moja. Sebule iliyo wazi kwa jiko inahitaji zaidi, kwa sababu mvuke wa mafuta ya kupikia hugeuza vumbi kuwa gundi. Dodoma hakuna chumvi ila vumbi lipo, kwa hiyo chujio lisubiri muda mfupi zaidi na mashine ya nje iachwe itulie. Mashine ya nje inayotazamana na bahari imwagiwe maji baridi kila mwezi, swichi ikiwa imezimwa, hata na kijana wa bustani.

Miezi nayo ina maana. Servisi ya kwanza ningeiweka Oktoba: upepo wa kusi umeshamaliza kurusha chumvi, joto bado halijakaza, na mafundi wana nafasi. Ya pili Aprili au Mei, baada ya miezi ya kazi nzito, ili kuondoa kuvu inayokuzwa na unyevu wa masika. Anayengoja Januari anapata fundi mwenye simu kumi zinazoita, na fundi wa namna hiyo ndiye hukimbilia mtungi.

Gesi ikiwa imevuja kweli, kazi hubadilika kabisa. Tundu litafutwe, lizibwe, mabomba yajaribiwe kwa naitrojeni, hewa na unyevu vitolewe kwa pampu ya vakyumu, kisha gesi iingie kwa mizani kufuata gramu za kibandiko. Naitrojeni, nasisitiza: mtungi wa oksijeni wa kuchomelea ukikutana na mafuta ya kompresa kwa presha, mlipuko unaweza kuua. Na R-32 ya mashine mpya inaweza kushika moto, kwa hiyo hakuna kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi.

Walio na mashine za zamani za R-22 wana hesabu nyingine. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimepunguza matumizi ya kundi lake kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030, kinachobaki kikiwa hasa cha kuhudumia mashine zilizopo. R-410A yenyewe, ambayo nguvu yake ya kupasha joto dunia ni zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dayoksaidi, iko kwenye orodha ya kupunguzwa tangu makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. R-32 iko kwenye orodha hiyohiyo, ila nguvu yake ni kama theluthi moja ya hiyo. Mashine ya R-22 inayovuja kwenye nati ningeiziba na kuendelea nayo. Ikiwa inavuja kwenye koili iliyokwishaliwa na chumvi, pesa ya kuijaza ningeiweka kwenye mashine mpya ya inveta, na siku ya kufunga ningesimama pale mpaka nione pampu ya vakyumu imewashwa.