Bendi ya Mtu Mmoja

Kwenye bendi, mpiga besi humtazama mpiga dramu, mpiga dramu humsikiliza mwimbaji, na mwimbaji akilivuta neno kidogo wote humngoja. Muziki hushikana kwa sababu watu wanaangaliana. Sasa waondoe wote, abaki mmoja. Aanzie wapi? Akitangulia kupiga dramu, anaupigia wimbo ambao bado haupo. Akitangulia na gitaa, dramu zitakazokuja zitalazimika kumfuata kila alipokimbia na kila alipolegea, na wa kuzipiga ni yeye yule.

Paul McCartney aliitoa albamu ya McCartney III Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka 78, na karibu kila kinachosikika humo amekipiga mwenyewe. (Wimbo mmoja, Slidin', umewashirikisha wenzake wawili wa bendi anayozunguka nayo.) Uingereza ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Akaenda studio yake, iliyo kwenye kinu cha zamani cha upepo huko Sussex, kumalizia muziki wa filamu fupi ya katuni, ikawa ndiyo kazi ya mwaka. Utaratibu wake ni mwepesi kuusimulia: huanza na chombo alichotungia wimbo, gitaa au piano, kisha huongeza vingine juu yake kimoja kimoja.

Kuutenda ndiko kugumu. Ni sawa na kucheza bao peke yako: ukihamia upande wa pili, lazima usahau ulichokusudia upande huu. Sikiliza Long Tailed Winter Bird, wimbo unaofungua albamu. Gitaa kavu linashika kipande kifupi na kukirudia, linakikwaruza kwa pupa kama lina safari. Dramu zinapoingia hazijaribu kulituliza wala kushindana nalo. Zinakaa chini yake, nzito, zikiacha nafasi ambayo besi inakuja kuikalia. Maneno ni machache mno kwa wimbo wa zaidi ya dakika tano. Hakuna anayejionyesha. McCartney si fundi mkubwa wa dramu, na nadhani hilo ndilo linalomsaidia: hupiga kama mtu anayejua tayari besi itapita wapi, basi huipisha.

Ujuzi huu hakuuanza uzeeni. Mwisho wa 1969 kuingia 1970, kundi lake la Beatles likivunjika, alikuwa nyumbani kwake London na mashine ya Studer ya kurekodia yenye njia nne tu. Maikrofoni aliichomeka moja kwa moja nyuma ya mashine, hana meza ya kuchanganyia sauti, hana hata mshale wa kumwonyesha kama sauti imezidi. Alirekodi, akasikiliza, akasogeza maikrofoni, akarudia. Kipande cha kwanza cha albamu aliyoiita McCartney, The Lovely Linda, kilikuwa cha kuijaribia mashine. Hakifiki hata dakika moja, na kinaishia kwenye kicheko. Yupo pia akipapasa midomo ya bilauri kwa vidole vilivyolowa hadi zinalia. Wakosoaji waliona kazi haijakamilika, na kusema kweli baadhi ya vipande ni makombo. Lakini Maybe I'm Amazed imo humo humo, piano, dramu, besi na gitaa vyote vyake, na mtu asiyeambiwa angeapa kwamba ni bendi iliyozoeana miaka kumi.

Kisha ikaja Lagos. Mwaka 1973 alikuwa aende huko na kundi lake la Wings kurekodi Band on the Run, mpiga dramu na mpiga gitaa wakajitoa siku za mwisho. Alikwenda hivyo hivyo na mkewe Linda na Denny Laine aliyebaki kundini, akakalia dramu yeye. Wengi wanaipenda albamu hiyo kuliko zote alizotoa baada ya Beatles.

Katika ile ya 2020 kuna kitu ambacho ujana haukuweza kumpa, nacho ni sauti iliyochakaa. Kwenye Women and Wives anaimba chini, kwa mkwaruzo, huku besi kubwa ya kusimama ikivuma. Ilikuwa mali ya Bill Black, aliyempigia Elvis Presley, na Linda ndiye aliyempa zawadi. Kwenye The Kiss of Venus anapanda juu na sauti inatetemeka. Studio za leo zina kila dawa ya kuinyoosha sauti kama hiyo. Ameiacha itetemeke, nami namshukuru, kwa sababu maneno ya kutia moyo yakitoka kwenye koo laini mno huwa kama tangazo la benki.

Na albamu hii inatia moyo bila kuhubiri. Find My Way inazungumza na mtu aliyelemewa na wasiwasi. Deep Deep Feeling, zaidi ya dakika nane, inakaa ndani ya kupenda hadi kunauma, sauti zake zikirundikwa moja juu ya nyingine kisha kupunguzwa. Lavatory Lil ni mzaha, ningeweza kuikosa. When Winter Comes, iliyorekodiwa tangu miaka ya tisini na mtayarishaji George Martin, inataja kazi za shambani tu: ua uzibwe mbweha wasiwafikie wana-kondoo na kuku, mtaro uchimbwe kando ya karoti, miti ipandwe. Ukipanda mti umeshasema unachofikiri kuhusu kesho.

Picha kuu za albamu hii alipiga binti yake Mary. Kwenye jalada la nyuma la ile ya 1970, Mary ndiye mtoto mchanga aliyechungulia kutoka ndani ya koti la baba yake.

Mwaka 2021 nyimbo hizi walipewa wanamuziki wengine wazigeuze watakavyo, ikatoka McCartney III Imagined. Find My Way ya Beck imekuwa ya kuchezeka kabisa, ni safi na imenyooka, wala siilaumu. Ila mimi huweka ile ya kwanza, kwa sababu ya dramu zake: zinayumba kidogo, na gitaa nalo linayumba pale pale.