Bei Imebadilishwa, Mbona Mteja Bado Anaona ya Zamani?

Chukua mfano wa kampuni ya mabasi iliyopandisha nauli kutoka shilingi 35,000 hadi 38,000. Fundi wa tovuti anabadilisha ukurasa, anaupandisha kwenye seva, anaufungua kwenye kompyuta yake na kuikuta bei mpya. Muda si mrefu abiria anapiga simu: kwake bado ni 35,000. Anaambiwa afute kache. Anafuta, na tatizo lake linaisha. Abiria wengine ambao hawakupiga simu wanaendelea kuona bei ya zamani, na kituoni ndiko ugomvi utakakozukia.

Kivinjari hapo hakijakosea. Kazi yake ni kutunza nakala za kurasa, picha na skripti ili zisipakuliwe kila mara, jambo ambalo kwa mtu anayetumia bando ni kuokoa pesa. Tatizo huanza pale seva inapokaa kimya bila kusema nakala idumu kwa muda gani. Ikiwa hivyo, kivinjari hukadiria chenyewe. Kanuni za HTTP za mwaka 2022, zinazojulikana kama RFC 9111, zinaruhusu makadirio hayo, na zinataja asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili libadilishwe kuwa kiwango kilichozoeleka. Hesabu yake inashtua: faili lililokaa siku 200 bila kuguswa kabla ya mteja kulipakua linaweza kuaminiwa kwa siku 20 zaidi. Yaani ukurasa unaobadilishwa kwa nadra ndio unaochelewa zaidi kuonekana mpya.

Kabla ya kutibu, fundi makini hutafuta kwanza nakala ya zamani imejificha wapi. Kwenye Chrome ya kompyuta, hubonyeza F12 na kufungua kichupo cha Network. Faili lililoandikiwa "disk cache" au "memory cache" limetoka kwenye kifaa chenyewe. Namba 304 inaonyesha kwamba seva iliulizwa, ikajibu kuwa hakuna kilichobadilika. Kisha huuita ukurasa huohuo kwa amri ya curl, ambayo haipitii kivinjari kabisa. Curl nayo ikileta bei ya zamani, kosa liko kwenye seva au kwenye mtandao wa seva za kati unaosambaza nakala, na kufuta kache ya simu ni kupoteza muda.

Tiba ina sehemu mbili.

Ukurasa wenyewe wa HTML upewe agizo la Cache-Control: no-cache. Agizo hilo halizuii kivinjari kutunza nakala. Linakilazimisha kuiuliza seva kila kinapotaka kuitumia. Kama hakuna badiliko, seva hujibu 304 bila kutuma ukurasa upya, na bando la mteja linasalimika. Mafaili ya mtindo, skripti na picha yapewe majina yanayotokana na yaliyomo: mtindo.css liwe, kwa mfano, mtindo.8f3a1c.css, likiwa na max-age=31536000, yaani mwaka mzima kwa sekunde. Yaliyomo yakibadilika, jina linabadilika, na kivinjari kinalazimika kuleta faili jipya. Programu kama webpack na Vite huyatengeneza majina hayo zenyewe. Hatari ni kuupa ukurasa wa HTML muda huo wa mwaka mmoja: nakala ikishaingia kwenye simu za watu, fundi hana namna ya kwenda kuifuta.

Facebook walikuwa tayari wanatumia majina ya aina hiyo, lakini mwaka 2014 wakagundua kwamba asilimia 60 ya maombi ya mafaili hayo yalikuwa yakiishia kwenye 304. Vivinjari vilikuwa vinauliza habari za mafaili yasiyoweza kubadilika, hasa mtu anapopakia ukurasa upya. Chrome ikapunguza maswali hayo, na Firefox, katika toleo la 49 la mwaka 2016, ikaanza kutambua agizo la immutable, linalosema faili halitabadilika kamwe. Mwaka 2017 agizo hilo likaingizwa rasmi kwenye RFC 8246.

Kwa hiyo anayesimamia tovuti ya nauli, ada za shule au ratiba ya kliniki asingoje simu ya mteja. Aendeshe curl -I leo kwenye ukurasa wake mkuu, na kama mstari wa Cache-Control haupo, auweke kabla ya kubadilisha bei nyingine.