Neno «Mpanda» kwa Times New Roman

Anayetaka kuihakiki Times New Roman kwa haki na alitazame neno Mpanda, jina la mji ulio mkoani Katavi, Tanzania, likiwa limechapwa kwa ukubwa wa 12 katika barua ya ofisi. Herufi sita zinatosha kuifichua tabia yake. M ina mguu mwembamba kushoto na mnene kulia; p inateremsha mkia chini ya mstari, d inainua shina juu yake, na kwa kuwa matumbo yao yanaelekeana, a na n zilizo katikati zinakaa kama zimekumbatiwa. Kisha a ya mwisho inatoka nje ya kumbatio hilo na kulifunga neno kwa kikomo kidogo kilichopinda. Serifu, yaani vikomo hivyo vya ncha, hapa ni nyembamba na kali, nazo zinalivuta jicho kufuata mstari.

Mkia wa p ni mfupi, na ufupi huo una sababu. Stanley Morison, aliyeisimamia kazi hii, na Victor Lardent, aliyeichora, walilitengenezea gazeti la The Times la London fonti ya safu finyu za gazeti, ikaanza kutumika Oktoba 3, 1932. Walipandisha kimo cha kati, kile cha a na n, wakapunguza mikia na kuyabana maumbo, ili mistari isogeleane bila kugongana. Ubanaji huo unakifaa mno Kiswahili, lugha ya maneno marefu: neno kama yatakayowasilishwa huenea mwishoni mwa mstari pale ambapo fonti pana ingelisukumia chini na kuacha pengo.

Hata hivyo, uzuri na udhaifu wake vinakutana katika a, herufi ambayo Kiswahili huirudia kuliko nyingine yoyote. Neno Katavi linazo mbili, Tanganyika tatu. Mgongo wa a hii ni mnene, kichwa chake kinaishia kwa tone, lakini tumbo limeungwa na mgongo kwa uzi mwembamba sana. Katika chapa safi, kupishana huko kwa unene na wembamba kunaupa ukurasa mapigo ya kupendeza. Toa kopi ya muhtasari wa kikao cha kijiji, kisha itolewe kopi ile kopi, na nyuzi ndizo zinazokatika kwanza. Herufi e nayo, ikipoteza upau wake, inasomeka c.

Kwa hiyo ninaikubali bila kusita kwa barua, ripoti na tasnifu zinazosomwa katika nakala halisi. Kwa kibao cha barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Katavi ningeikataa: umbali na vumbi huzimeza nyuzi zile zile, na dereva anahitaji herufi za unene mmoja. Na HALMASHAURI YA MANISPAA YA MPANDA, ikiandikwa yote kwa herufi kubwa za wino mzito, iachiwe nafasi kidogo baina ya herufi, hasa A na N, ambazo mishazari yake minene husongana.