“Kupitiwa” na “Kupitishwa”: Vitenzi vya Mitaala ya Vyuo Vikuu

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Tangu hapo tafsiri ya sheria na kanuni imekuwa na uzito mpya, na kanuni za vyuo vikuu kuhusu programu za shahada ni miongoni mwake. Twaipongeza kazi hiyo. Hata hivyo, tafsiri kadhaa tulizozisoma zina kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia: vitenzi vyake havimwambii msomaji ni nani aliyeamua.

Yafaa kwanza kuikumbuka njia ambayo mtaala huifuata kwa kawaida. Rasimu huandaliwa idarani, na bodi ya kitivo, shule kuu au ndaki huijadili. Kisha hufika mbele ya kamati ya Seneti. Kamati hiyo huuliza kama walimu wapo, kama saa zilizopangwa zatosha, na kama kozi inayoombwa haifundishwi tayari katika idara nyingine kwa jina tofauti. Pamoja na maswali hayo yote, aghalabu kamati haina kauli ya mwisho. Huishauri Seneti, nayo Seneti ndiyo iamuayo kwa niaba ya taaluma chuoni. Hata hapo safari haijaisha, maadamu kwa sheria ya mwaka 2005 mamlaka ya kuipa programu ithibati yako kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Mfasiri afanyaje? Huandika kwamba mtaala “umepitishwa” na idara, “ukapitishwa” na bodi, “ukapitishwa” na kamati. Baya zaidi ni “umepitiwa na kamati”. Kupitia ni kusoma na kukagua. Kupitisha ni kukubali. Kati ya kupitiwa na kupitishwa ipo sauti moja tu, nayo ndiyo itenganishayo ushauri na uamuzi. (Katika mazungumzo, aliyepitiwa ni yule aliyesahau au aliyechukuliwa na usingizi. Hatudhani kamati yoyote ingependa kuhusishwa na maana hiyo.)

Wako watakaotujibu kwamba “kupitisha” ni neno la watu, na kwamba Bunge nalo hupitisha miswada. Ni kweli, lakini muswada uliopitishwa na Bunge haujawa sheria mpaka Rais auridhie. Kwa hiyo mfano huo watutetea sisi.

Si suala la ufundi wa maneno tu. Mzazi asomaye kwamba programu “imepitishwa” hulipa ada akiamini kuwa kila mlango umefunguliwa, kumbe pengine ni mlango wa ndani tu. Wala swali la nani aidhinishaye si geni kwetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mpaka mwaka 1970 ndipo kilipokuwa chuo kikuu kamili chenye mamlaka yake.

Twapendekeza hivi: idara huandaa, bodi hupendekeza, kamati huchambua na kushauri, Seneti huidhinisha, Tume hutoa ithibati. Tumeepuka “kuhakiki” kwa sababu neno hilo lashughulishwa mno, huku na wahakiki wa fasihi, huku na uhakiki wa vyeti vya watumishi. “Kuthibitisha” nako kusitumiwe kwa Seneti, kwani ni ndugu wa damu wa “ithibati”, na msomaji atadhani kazi mbili ni moja.

Kuhusu nomino hatuna mengi. Programu ni njia nzima iishiayo katika shahada. Kozi ni sehemu yake. Mtaala ni mpango wa mafunzo yote. Muhtasari hueleza yatakayofundishwa katika somo moja. Mwenye kuyachanganya hayo arudi kwenye kamusi.

Limebaki suala la ubora. “Uthibiti” na “udhibiti” hutokana na mizizi miwili tofauti ya Kiarabu, wala si tahajia mbili za neno moja. Wizara ya Elimu ilipowaita wakaguzi wa shule “wathibiti ubora”, ilichagua herufi yake kwa makusudi. Katika hati za vyuo tumeyakuta yote mawili katika ukurasa mmoja, kana kwamba ofisi ileile imetumwa asubuhi kuuthibitisha ubora na jioni kuuzuia.