Miaka ya Sabini Ilishonwa Barazani

Fungua albamu ya picha ya familia yoyote ya mjini iliyoanza kwenda studio kabla ya vita vya Kagera, utamkuta kijana huyu. Amesimama upande kidogo, mkono mmoja mfukoni, pazia la studio nyuma yake. Nywele ni afro iliyochanwa ikatimka, kola ya shati inakaribia mabega, miguuni raizoni, viatu vya soli nene. Na kati ya shati na viatu kuna bugaluu: imembana kiunoni na mapajani, ikifika gotini inaanza kujiachia, hadi chini imefunika kiatu na kubakiza ncha tu. Watu wakiitazama picha hiyo huguna kwa raha. Watamtaja Mbaraka Mwinshehe, watamtaja Marijani Rajabu, watakumbuka foleni za sinema za Bruce Lee na pambano la Ali na Foreman kule Kinshasa mwaka 1974. Wanamtaja kila mtu isipokuwa aliyeishona ile suruali.

Mimi nataka kumtaja yeye. Jina lake silijui, na katika picha nyingi hakuna anayelijua tena. Lakini kazi yake ndiyo ninayoiona kwanza, na ninaamini kwamba kinachotufanya tuionee wivu miaka ya sabini, tukiutazama mwili wa kijana yule ulivyokaa ndani ya nguo yake, kilitoka mikononi mwake.

Siku hizo nguo iliyokwisha kushonwa ilikuwa chache na ghali. Kijana aliyepata mshahara bandarini, kwenye reli au kiwandani Urafiki, kile kiwanda cha nguo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, alikwenda kwanza kwenye maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru. Akapimiwa yadi zake, akazibana kwapani hadi kibarazani kwa fundi. Kitambaa cha shati kingeweza kuwa kitenge cha hapa hapa, lakini kwa suruali vijana walitaka tetroni. Waliitaka kwa sababu ilishika mkunjo wa pasi mpaka muziki ukaisha alfajiri, na kwa sababu ilikuwa na mng'ao fulani chini ya taa za ukumbi. Fundi hakuwa na sababu ya kuipenda. Tetroni inateleza chini ya sindano, inakimbia mkasi, na pasi ya mkaa ikizidi moto kidogo tu inaacha doa linalong'aa ambalo halitoki. Ilibidi ipigwe pasi juu ya kitambaa kilicholowanishwa, haraka, bila kutua.

Kielelezo cha kukatia hakikuwepo. Mteja alikuja na jalada la sahani ya santuri, au ukurasa uliochanwa kwenye gazeti, au hakuja na chochote ila maneno: fundi, nimeiona jana kwenye sinema ya Empire, imebana hapa, imefunguka hivi. Fundi alisikiliza, akamtazama kuanzia kisogoni hadi kisiginoni, kisha akatoa futi kamba shingoni. Katika kutazama huko alikuwa amekwisha amua mambo ambayo mteja hakujua hata kuyauliza. Kijana mrefu, mguu utafunguka gotini penyewe. Kijana mfupi, utafunguka juu kidogo ya goti, ili macho ya watu yaanze kuhesabu urefu wa mguu kutoka juu zaidi. Mwenye matege, mapaja hayabanwi sana. Upana wa pindo, inchi 24 au 28, ulikuwa matakwa ya mteja. Mengine yote yalikuwa hukumu ya fundi. Na aliyevaa kandambili aliambiwa arudi na raizoni zake, maana urefu wa bugaluu haupimwi kwa mguu mtupu.

Pindo lenyewe ndipo fundi alipojulikana. Nitalieleza taratibu, maana anayeivaa halioni. Mguu wa bugaluu unapanuka kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo kitambaa cha ziada kinachoachwa chini kwa ajili ya kukunjwa, kikikatwa kwa kufuata mstari uleule, kinakuwa kipana kuliko mahali kitakapolazwa. Ukikikunja kinazidi, kinafanya mawimbi, na mawimbi hayo yataonekana kwa nje hata ukipiga pasi mpaka kesho. Fundi anayejua anaugeuza mkasi. Akifika kwenye mstari wa mkunjo anarudi ndani kwa pembe ileile aliyotokea nje, ili ziada ile ikikunjwa ilale sawasawa juu ya mguu. Kisha mbele analipandisha pindo kidogo lisijikunje juu ya kiatu, nyuma analishusha lifunike kisigino. Pindo linalopanda mbele na kushuka nyuma haliwezi kukunjwa kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo linamaliziwa kwa mkono, sindano ikiokota uzi mmoja mmoja wa kitambaa ili nje kusionekane kitu. Hayo yote kwa sehemu ya nguo inayoburuzwa kwenye vumbi.

Kuna na jambo la uzi wa kitambaa. Katikati ya kila mguu lazima pafuate uzi wa urefu. Fundi aliyetaka kubana kitambaa ili abakishe kipande, akauinamisha mguu kwa vidole viwili tu, alimharibia mtu jioni yake: suruali ikivaliwa inajizungusha, mshono wa pembeni unahama taratibu hadi unakaa mbele ya ugoko. Ndiyo maana kwenye picha zile mimi huanza kutazama mshono wa pembeni. Ukiuona umeshuka wima kutoka kiunoni hadi chini, ujue kulikuwa na mtu aliyekataa kuiba kitambaa.

Ninayo suruali moja ya baba mdogo, ya rangi ya kahawia, aliyoshonewa katikati ya miaka ile. Nimeipindua nje ndani mara nyingi, na kila mara naona heshima. Mifuko yake ni ya marekani nzito, si tetroni, kwa sababu fundi alijua kwamba funguo na sarafu hutoboa kitambaa chepesi. Mshono wa nyuma, ule unaotoka kiunoni, umeachiwa pale juu akiba ya karibu inchi moja na nusu kila upande. Ndani ya akiba hiyo kuna mistari ya vitundu vidogo, nyayo za sindano ambazo tetroni haizifuti. Mstari wa kwanza ni wa kijana mwembamba. Wa pili umesogea nje kidogo: ameoa, anakula vizuri. Wa tatu ndio mshono uliopo sasa. Yule fundi alimpima mtu wa siku ile, halafu akamwachia nafasi mtu wa miaka kumi baadaye. Sijui nguo yoyote niliyonunua dukani ambayo ilinifikiria hivyo.

Wakubwa wa siasa hawakuipenda mitindo hii. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vazi la mini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Unguja nako bugaluu yenyewe ilipigwa vita. Hoja ilikuwa kwamba vijana wanaiga utamaduni wa kigeni, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi katika nchi iliyokuwa na miaka michache tu ya uhuru. Ila naona ilimtazama mvaaji ikamsahau mshonaji. Umbo lilitoka kwenye sinema, sawa. Lakini lilipofika Kariakoo lilichorwa upya kwa chaki, likapimwa kwenye miguu ya watu wa Kariakoo, likakatwa na mtu aliyejifunza kwa kukaa chini ya meza ya fundi mwingine akitoa nyuzi na kutia vifungo kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa mkasi. Ufundi huo haukuigwa popote.

Hata bendi zilizotuachia zilipendwa zilipitia kibarazani. Bendi kubwa ilikuwa na sare zake, wakati mwingine zaidi ya moja, na sare ni mtihani mzito kuliko suti ya mtu mmoja: wanamuziki kumi wenye matumbo na vimo tofauti wasimame jukwaani waonekane wamekatwa kwa mkasi mmoja, huku mpiga ngoma anaweza kuchuchumaa na mpulizaji anaweza kuvuta pumzi. Afro 70 ya Patrick Balisidya ilipokwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977, magitaa yalisifiwa, na yalistahili. Nguo za wanamuziki wa enzi ile nazo zilistahili sifa.

Mwisho wa enzi hiyo haukuletwa na amri. Vita vya 1978 na 1979 viliikausha hazina, viwanda vikakosa vipuri, na miaka ya themanini mwanzoni watu walipanga foleni kupata kitambaa chochote, wala hakuna aliyechagua. Suruali yenye pindo la inchi 28 ikawa anasa ya kutia aibu. Mafundi waliishi kwa kugeuza kola zilizochakaa na kukata bugaluu za kaka kuwa kaptula za wadogo. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 ikafunguka njia ya mitumba, na mitumba ilikuwa mizuri, imara na rahisi. Simlaumu mtu kuinunua, nami nimevaa. Lakini mkono uliozoea kuumba nguo kutoka kwenye kitambaa kitupu ukaanza kufanya kazi ya kupunguza: kupunguza kiuno, kupunguza mguu, kurekebisha suruali iliyokatiwa mtu wa nchi nyingine ambaye fundi hakuwahi kumwona.

Sasa miaka ya sabini imerudi kama sherehe. Kuna usiku wa zilipendwa, vijana wanakuja na mawigi ya afro na bugaluu za kununua. Nafurahi kuwaona wakicheza Msondo. Ila suruali zile zinafunguka pale kiwanda kilipoamua goti la binadamu lipo, na pindo lina yale mawimbi.

Mafundi waliokata bugaluu wakiwa vijana sasa ni wazee wa miaka sabini na kuendelea, na wengi wametangulia. Ustadi wao hawakuuandika. Vyuo vya VETA vinafundisha ushonaji, na bado kuna vijana kwenye vibaraza wanaokanyaga cherehani kutwa nzima kwa sare za shule na za harusi, wenye mikono mizuri kabisa. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku lenye bugaluu ya baba au ya mjomba, usiitunze tu kwa kumbukumbu. Mpelekee mmoja wa vijana hao, mwambie aifumue yote, mshono kwa mshono, avitandaze vipande juu ya karatasi na kuvichora, aone pembe ya pindo ilivyogeuzwa na akiba ilipofichwa. Kisha mnunulie kitambaa, umwambie akushonee yako.