Fuso ya bati: usahihi na vipande katika motokari za watoto wa Kalunguta

Watu wakisikia neno mila, wanafikiria ngoma, mahari, na mashauri ya wazee. Motokari haiingii katika hesabu hiyo, sababu motokari ilikuja na Wazungu. Lakini ile motokari ndogo ambayo mtoto anaitengeneza mwenyewe kwa bati, waya na mti, imepokelewa kwetu tangu enzi za baba zetu, mkubwa akimfundisha mdogo bila kitabu wala mwalimu. Kwenye zile kilomita 54 za barabara kati ya Butembo na Beni, na sisi wa Kalunguta tukiwa katikati, ni vigumu kupita siku bila kukuta kijana mdogo anasukuma Fuso yake kwa kijiti kirefu chenye usukani juu. Kama hiyo si mila, basi tuambiwe mila ni nini.

Tunaandika juu yake sababu tumechoka na namna mbili za kuizungumzia. Kuna mzazi anayesema ni takataka, mtoto aende masomo. Tena kuna mgeni, na siku hizi hata wenyeji wenye simu, ambao wanapiga picha na kusema: «Ona ubunifu wa mtoto wa Afrika!» Huyu wa pili anaonekana mwema kuliko wa kwanza, lakini wote wawili hawakuitazama ile motokari. Gurudumu likiwa limepinda, sifa ni ileile. Likiwa limenyooka, sifa ni ileile. Sifa ya namna hiyo ni bure. Kiti cha mzee kikichongwa vibaya tunasema kimechongwa vibaya. Kwa nini tusiseme hivyo kwa Fuso?

Tuanze na kipimo, sababu hapo ndipo ubishi mkubwa uko. Huko Ulaya, Marekani na Japani, watu wazima wananunua masanduku yenye vipande vya plastiki na kuunganisha kamio ndogo. Wana vipimo vilivyokubaliwa: moja kwa ishirini na nne, maana yake sentimeta 24 za kamio ya kweli zinakuwa sentimeta 1. Kipande kikikosekana, wanakiagiza kwa fundi mwingine, hata nchi ya mbali, wakigombana juu ya umbo la taa au idadi ya misumari ya gurudumu. Msomi mmoja wa kwetu akiona kazi hizo anasema: hiyo ndiyo sayansi, ya watoto wetu ni mchezo tu, haina kipimo.

Sisi hatukubali. Mtoto wa Kalunguta ana kipimo, ila anakipata kwa njia nyingine. Yeye anaanza na gurudumu. Kabla hajapata magurudumu manne yaliyo sawa, au sita kama anataka yale pacha ya nyuma, hawezi kukata bati hata kidogo. Pine ya kamio ya kweli ina urefu wa karibu mita 1 kutoka chini mpaka juu. Akiokota vifuniko vya chupa za bia, vya karibu sentimeta 3, kamio yake tayari imeamuliwa: ni ndogo mara 35 hivi, na karoseri ya mita 8 itakuwa na sentimeta 23 tu. Akikata magurudumu ya sentimeta 5 katika kandambili iliyochakaa, karoseri inafika sentimeta 40. Akichonga mti wa sentimeta 8 na kuuvalisha mpira, kama mafundi wa chukudu wanavyofanya, anapata chombo cha zaidi ya nusu mita, ambacho mdogo wake anaweza kupakia viazi. Hakuna anayeandika hesabu hiyo, lakini ukiwasikiliza wakichekana utaisikia: «Fuso yako iko na miguu ya kuku!» Maana yake magurudumu ni madogo kupita mwili. Huo ni uhakiki, tena mkali.

Na yule msomi wetu ajue jambo hili. Tamiya wa Japani, kampuni inayoheshimiwa sana kwa vifaru vidogo vya plastiki, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha mbao. Kipimo chake mashuhuri cha moja kwa thelathini na tano hakikutoka kwa mwalimu wa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitaka kifaru chao kitembee kwa mota ndogo, basi wakakipa ukubwa wa kuweza kuweka betri ndani. Kisha wakaendelea na kipimo hicho, na wengine duniani wakafuata. Betri iliamua, kama kifuniko cha bia kinavyoamua hapa.

Swali la pili ni gumu zaidi: usahihi wa kufanana na nini? Kamio inayopita Kalunguta si ile ya katalogi. Ilifika ikiwa imekwisha kutumika. Kabini imenyooshwa kwa nyundo, taa moja imetoka Dubai na nyingine China, tangi ni la kamio nyingine, karoseri ya mbao imetengenezwa na seremala wa Butembo. Shofere akikosa kipande cha asili anaweka kinachoingia. Basi mtoto akiweka taa mbili zisizofanana, amekosea au ameona vizuri? Sisi tunasema inategemea. Kama ameziweka kwa uvivu, utaona hata ekseli yake inayumba. Kama ameziweka kwa kuona, kila kitu kingine kitakuwa mahali pake: uso wa Fuso ulio bapa bila pua, alama ya almasi tatu katikati, boriti la mbele lenye maneno, bidoni ya maji inayoning'inia pembeni, na konvwayeri wa kitambaa aliyelala juu ya magunia. Kamio isiyojaa kupita kiasi, katika barabara yetu, ndiyo ya uongo.

Angalia tena usukani. Kwa sheria yetu tunatembea mkono wa kuume, na usukani unapaswa kuwa kushoto. Lakini magari mengi yanatoka Japani au yanaingia Kasindi kutoka Uganda, nayo yana usukani kuume. Kijiti cha kuendeshea kinatoka juu ya kabini, kwa hiyo mtoto lazima achague upande. Wengi wanakitoboa katikati, kwa urahisi. Tumekwisha kuona wengine wanaokitoboa kuume kwa Fuso na kushoto kwa Mercedes ya zamani yenye pua ndefu. Mtoto wa namna hiyo anajua kila gari limetoka wapi kuliko wakubwa wengi. Na mtoto anayebandika nyota ya Mercedes juu ya uso wa Fuso, huyo hatumsamehi, hata rangi ikiwa nzuri namna gani.

Rangi, kwa kweli, ndiyo inayoharibu hukumu ya wakubwa. Zikiwekwa motokari mezani kwenye sherehe ya masomo, anayetuzwa ni yule aliyepaka vernisi. Kuna hata kazi za kuuzia wageni mijini: zinang'aa, zimeandikwa «Congo» ubavuni, lakini magurudumu hayazunguki na usukani umegandishwa kwa gundi. Muuzaji lazima ale, hatumlaumu. Ila tusiziite mila. Motokari ambayo haijasukumwa haijamalizika.

Mtu atatuletea jina la Bodys Isek Kingelez, Mkongomani aliyejenga miji mizima kwa karatasi na kadibodi, akaonyeshwa Paris mwaka 1989, na baada ya kifo chake cha 2015, New York mwaka 2018. Yeye hakuiga mji wowote kwa kipimo, na bado ni mkubwa. Ni kweli. Lakini Kingelez alikuwa anajenga mji ambao haupo. Mtoto wetu anajenga kamio iliyopita asubuhi mbele ya nyumba yao, na wenzake wote wameiona. Hukumu ni tofauti.

Sasa tufike kwenye vipande, na hapa hatuwezi kucheka. Bati ni la mkebe wa sardini au kopo la tomati. Waya na njiti za kinga, yaani baiskeli, ni za ekseli. Ukanda wa chuma unaofunga mizigo ya duka unakunjwa kuwa resori. Mengi ya haya yanaokotwa. Lakini njiti ya kinga haiokotwi siku zote. Mara nyingine inatolewa kwenye kinga ya jirani ambayo bado inatembea, na mwenye kinga analia. Weusi wa pine unapatikana kwa kuvunja betri ya redio na kupaka unga wake, nao mtoto anaukamata kwa vidole alivyo navyo mdomoni. Wakubwa wanaosifu ubunifu hawaulizi hayo.

Kibaya zaidi ni ganda la risasi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya kuzunguka Beni yameacha chuma nyingi chini, mashambani na kando ya njia. Ganda la risasi, kwa umbo, linafaa ajabu kuwa tangi la mazutu: ni la mviringo, linang'aa, urefu wake unakubali kipimo. Tumeona kamio ambayo bila kipande hicho ingekuwa nzuri, na nacho ilikuwa nzuri zaidi. Hatutaki kudanganya juu ya hilo. Lakini mtoto anayeinama kuokota ganda tupu, kesho atainama kuokota kitu kisicho tupu, na kitu hicho hakimpi nafasi ya kujifunza tofauti. Kwa hiyo tunasema wazi: katika maonyesho yoyote ya shirika letu, kamio yenye ganda la risasi isipokelewe mezani, hata ikishinda zote kwa usahihi. Kipande cha bua la muhindi kilichofungwa bati kinafanya tangi lile lile. Kitaonekana kibaya kidogo. Basi, kionekane kibaya.

Kwa upande wa kuhukumu, tunapendekeza mwamuzi asikae mezani. Aichukue kamio, aipakie mawe, aisukume kwenye matope na mashimo mpaka kona, aone kama resori inarudi na kama magurudumu ya mbele yanatii kijiti. Resori hizo za ukanda ni ufundi wa barabara mbaya. Mradi wa lami wa Kasindi, Beni na Butembo ulizinduliwa pamoja na Uganda Juni 2021, na juu ya lami kifuniko cha bia kinakimbia vizuri bila resori yoyote. Huenda watoto wataiacha. Anayejua bado kuikunja amfundishe mdogo wake sasa, wakati mashimo yangali yapo.